Predinisoloni: dawa ya maumivu ya viungo inayotaka uangalifu



Mwezi huu tuzungumze juu ya ugonjwa unaozitesa familia nyingi, kuanzia Kibiti mjini hadi Maparoni na visiwa vingine vya delta ya Rufiji. Ugonjwa huo ni baridi yabisi. Pamoja nao tutaitazama dawa moja ambayo wagonjwa wengi huipata kwa njia ya mkato, bila kupimwa na bila kuelezwa: predinisoloni. Ndugu yake ni deksamethazoni, ambayo wengi huiita "deksa". Dawa hizi zipo katika kundi liitwalo steroidi.

Maisha ya delta yanategemea mikono. Kwa mikono tunapiga kasia, tunavuta nyavu, tunapanda na kuvuna mpunga, tunakata miti ya mikoko. Mikono ikikataa kukunjika, nyumba nzima inakosa chakula. Basi mtu akipewa vidonge vidogo, na siku ya tatu akashika kasia tena, ni vigumu kumwambia kwamba vidonge hivyo vina hatari. Yeye ameona nafuu kwa macho yake. Hata hivyo hatari ipo, na kwa kawaida huja polepole, baada ya mtu kuizoea dawa. Lengo la makala hii ni kumsaidia mgonjwa na jamaa zake wapime faida na hatari kabla ya kumeza, na wajue la kufanya kama tayari wanaitumia.

Baridi yabisi ni ugonjwa gani?

Jina hili limetoka katika utabibu wa zamani, uliofundisha kwamba magonjwa huletwa na baridi, joto, unyevu au ukavu mwilini. "Yabisi" maana yake ni kavu. Ndiyo maana hata leo wengi hufikiri kwamba ugonjwa huu huletwa na kulala sakafuni, kuoga maji ya baridi au kusimama muda mrefu katika maji ya mashamba ya mpunga. Baridi yaweza kuongeza maumivu, lakini si chanzo cha ugonjwa. Wala hauletwi na uchawi.

Mwenyezi Mungu ameujalia mwili wetu kinga, yaani askari wa kupambana na vijidudu. Katika baridi yabisi, askari hao hukosea adui. Huushambulia utando laini uliomo ndani ya viungo. Utando huo huvimba, huwa na joto na huuma. Ugonjwa ukiachwa miaka mingi hula gegedu na mfupa, na vidole hupinda visirudi tena.

Dalili zake kuu ni hizi:

- Viungo vidogo vya vidole, viganja na nyayo huvimba na kuuma, na mara nyingi pande zote mbili kwa pamoja, mkono wa kulia na wa kushoto.
- Asubuhi viungo huwa vigumu, na ugumu huo huchukua zaidi ya nusu saa, hata saa nzima au zaidi, ndipo hulegea.
- Mgonjwa huchoka sana, hukosa hamu ya chakula, na pengine hupungua uzito.
- Hali hii huendelea kwa wiki 6 au zaidi.

Ugonjwa huu huwapata wanawake mara 2 hadi 3 zaidi ya wanaume, na mara nyingi huanza katika umri wa makamo. Watoto nao wanaweza kupata ugonjwa unaofanana nao.

Si kila maumivu ya viungo ni baridi yabisi

Hapa ndipo makosa mengi huanzia. Mtu anasema "viungo vinaniuma", anauziwa dawa, na hakuna aliyeuliza ni viungo gani, tangu lini na kwa namna gani. Yapo magonjwa mengine yenye maumivu ya viungo, na kila moja lina matibabu yake.

Mzee ambaye magoti yake huuma anapotembea na kutulia anapopumzika, mara nyingi viungo vyake vimechakaa kwa kazi na umri. Mwanamume ambaye kidole gumba cha mguu kimevimba ghafla usiku, chekundu na hakigusiki, huenda ana jongo. Mtoto mwenye maumivu makali ya mifupa yanayokuja na kuondoka, au mtoto mchanga aliyevimba mikono na miguu, apimwe selimundu.

Kuna pia chikungunya, homa inayoletwa na mbu. Iligunduliwa katika nchi yetu hii hii, upande wa kusini, katika mlipuko wa mwaka 1952 na 1953, na jina lake ni la Kimakonde. Linaeleza jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu. Homa yake hupita baada ya siku chache, lakini viungo vyaweza kuuma kwa wiki au miezi.

Zaidi ya yote, angalia kiungo kimoja kilichovimba ghafla, chenye joto kali, pamoja na homa. Hicho chaweza kuwa na usaha ndani. Hiyo ni hatari ya kupoteza kiungo au maisha, na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Akipewa steroidi peke yake, homa itashuka na maumivu yatapungua, watu watadhani amepona, kumbe usaha unaendelea kula mfupa.

Dawa hii ilipatikanaje, na hufanya kazi gani?

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Tezi hizo mbili hutengeneza homoni ambayo huusaidia mwili kusimama imara wakati wa shida: wakati wa homa, jeraha, njaa au hofu. Bila homoni hiyo mtu hawezi kuishi. Predinisoloni imetengenezwa viwandani ili ifanye kazi kama homoni hiyo, lakini kwa nguvu kubwa zaidi.

Mwaka 1948, katika hospitali ya Mayo Clinic huko Rochester, Marekani, Daktari Philip Hench na wenzake walimpa mwanamke wa miaka 29 mwenye baridi yabisi dawa mpya iliyoitwa kotisoni. Alikuwa amelemazwa na viungo vyake, na baada ya siku chache akaweza kutembea. Dunia nzima ilishangaa. Mwaka 1950 Hench alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Edward Kendall na Tadeus Reichstein, waliofanya kazi juu ya homoni hizo.

Lakini furaha hiyo ilipata dosari mapema. Wagonjwa waliotumia kotisoni kwa wingi na kwa muda mrefu walianza kuvimba uso, wengine walichanganyikiwa akili, wengine mifupa yao ilidhoofika. Na dawa ilipoachwa, maumivu yalirudi. Madaktari wakaelewa jambo ambalo ni kweli hadi leo: steroidi huzima moto wa uvimbe kwa haraka, lakini haiondoi kilichouwasha.

Pale ambapo faida ni kubwa kuliko hatari

Isidhaniwe kwamba predinisoloni ni sumu. Ni dawa njema sana ikitumiwa mahali pake. Nitatoa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni baridi yabisi yenyewe. Dawa inayotakiwa kuutuliza ugonjwa kwa muda mrefu na kulinda viungo visiharibike kwa kawaida ni methotreksati, au nyingine za aina yake kama salfasalazini. Dawa hizo huchukua wiki 6 hadi 12 ndipo zifanye kazi vizuri. Katika kipindi hicho cha kungoja, daktari anaweza kumpa mgonjwa predinisoloni kidogo ili aweze kuishi na kufanya kazi. Predinisoloni hapo ni kama daraja la kumvusha mtu mto. Baada ya kuvuka, hupunguzwa na kuachwa pale inapowezekana.

Mfano wa pili tunao hapa hapa Rufiji. Karibu na Utete kipo kijiji cha Kindwitwi, ambako watu wenye ukoma walitunzwa kwa miaka mingi, na ambako Padre wa Kianglikana Robin Lamburn aliwatumikia hadi uzee wake. Ukoma unatibika kabisa kwa dawa mseto, nazo hutolewa bure. Lakini wakati wa matibabu, au hata baada ya kuyamaliza, baadhi ya wagonjwa hupata mshtuko wa ukoma: mishipa ya fahamu huvimba na kuuma, mkono hulegea, jicho hushindwa kufumba. Hapo predinisoloni ndiyo inayookoa mkono na jicho. Hutolewa kwa miezi kadhaa, ikianza kwa kiasi kikubwa na kupunguzwa kwa hatua. Mshipa ulioanza kudhoofika ndani ya miezi 6 una tumaini kubwa la kurudi katika hali yake. Anayechelewa zaidi ya hapo aweza kubaki na ulemavu. Kwa mgonjwa huyu, kuiogopa dawa ndiyo hatari. Tena asiache dawa za ukoma kwa sababu ya mshtuko huo.

Mfano wa tatu ni wa ugonjwa wa korona. Mwaka 2020 uchunguzi mkubwa uliofanyika Uingereza ulionyesha kwamba deksamethazoni, miligramu 6 kwa siku kwa muda usiozidi siku 10, ilipunguza vifo kwa kiasi cha theluthi moja kati ya wagonjwa waliokuwa wakipumulia mashine. Kwa wale ambao hawakuhitaji hata oksijeni, haikuleta faida. Dawa ni ile ile na kiasi ni kile kile. Aliyeihitaji alisaidika, asiyeihitaji hakupata kitu.

Madhara yake ni yapi?

Madhara hutegemea mambo mawili: kiasi cha dawa na urefu wa muda. Anayetumia kwa siku chache kwa agizo la daktari kwa kawaida hapati shida kubwa. Anayetumia kwa miezi na miaka yuko katika hatari zaidi, hata kama kipimo chake ni kidogo. Madhara makuu ni haya:

1. Sukari ya damu hupanda. Mtu aliyekuwa salama aweza kupata kisukari, na mwenye kisukari huzidiwa.

2. Shinikizo la damu hupanda, na miguu huvimba kwa sababu mwili hushika chumvi na maji.

3. Uso hujaa na kuwa wa mviringo, tumbo hukua, lakini mikono na mapaja hukonda na kukosa nguvu. Wengine husema "amenenepa, amepona". Huko si kupona.

4. Mifupa huwa dhaifu. Mama aweza kuvunjika uti wa mgongo kwa kuinua ndoo tu. Mfupa wa nyonga nao waweza kufa.

5. Macho hupata mtoto wa jicho au presha ya macho.

6. Tumbo hupata vidonda, hasa mgonjwa akichanganya predinisoloni na diklofenaki au ibuprofeni. Akiona choo cheusi kama lami, awahi hospitali.

7. Usingizi hupotea na moyo hubadilika. Wengine huwa na hasira au huzuni isiyo na sababu, na wachache huchanganyikiwa.

8. Kwa watoto, kimo huchelewa kukua.

9. Kinga ya mwili hupungua, na magonjwa yaliyojificha huamka.

Hili la 9 nataka tulielewe vizuri, kwa sababu linatuhusu sana watu wa Pwani. Kifua kikuu kilicholala mwilini kwa miaka mingi chaweza kuamka. Pia kuna minyoo midogo iitwayo stronjiloidi. Huingia kwa kupenya ngozi ya miguu ya mtu anayetembea peku kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi. Minyoo hii inaweza kukaa tumboni miaka mingi bila mtu kujua. Kinga ikipunguzwa na steroidi, huzaliana kwa wingi na kusambaa hadi kwenye mapafu na damu, na mgonjwa aweza kufa. Dawa yake ni ivamektini, ile ile iliyogawiwa katika vijiji vyetu vya Pwani kwa ajili ya kuzuia matende. Kwa hiyo mwambie daktari kama unalima mpunga peku, na muulize kama unahitaji kupimwa au kupewa dawa ya minyoo hiyo kabla ya kuanza.

Maswali manne kabla ya kumeza

Mgonjwa ana haki ya kuuliza, na mhudumu mwema hakasiriki. Mtu anayeandikiwa predinisoloni asiondoke kabla ya kupata majibu ya maswali haya manne:

Kwanza: Ninatibiwa ugonjwa gani? Jibu la "maumivu" halitoshi. Maumivu ni dalili.

Pili: Ni miligramu ngapi kwa siku, na nimeze saa ngapi? Kwa kawaida humezwa asubuhi mara moja, baada ya kula, ili isilete shida ya tumbo na usingizi. Fahamu kwamba vidonge havilingani. Miligramu 0.75 za deksamethazoni zina nguvu karibu sawa na miligramu 5 za predinisoloni. Usibadilishe moja kwa nyingine wewe mwenyewe kwa kuhesabu vidonge.

Tatu: Nitaitumia mpaka lini, na itapunguzwaje? Kama hakuna mpango wa mwisho, uliza mpaka uupate. Wapo wagonjwa ambao ni lazima waendelee kwa muda mrefu, lakini nao waelezwe sababu.

Nne: Nani atanipima, na lini nirudi? Kabla ya kuanza matibabu ya muda mrefu ni vema kupimwa sukari, shinikizo la damu, uzito, Virusi vya Ukimwi, na makohozi kama una kikohozi cha wiki 2 au zaidi. Mweleze daktari pia kama una vidonda vya tumbo, kama macho yako yana shida, kama una mimba au unanyonyesha.

Vipimo vikubwa vya baridi yabisi na dawa kama methotreksati havipatikani kila mahali. Zahanati inaweza kukupa rufaa kwenda hospitali, kama ile ya misheni ya Mchukwi au ya Serikali Utete, na kutoka huko yawezekana ukapelekwa Muhimbili. Safari ni ndefu na ina gharama, nalijua hilo. Lakini safari moja ya kujua ugonjwa wako ni nafuu kuliko miaka ya kununua vidonge bila kujua unatibu nini.

Usiiache ghafla

Mtu akitumia steroidi kwa zaidi ya wiki 3 hivi, zile tezi zilizo juu ya figo huona kazi yao inafanywa na mwingine, nazo hulala. Dawa ikikatwa ghafla, tezi haziamki siku hiyo hiyo. Mwili hubaki bila homoni yake. Mgonjwa huishiwa nguvu, hupata kizunguzungu, hutapika, tumbo humuuma, shinikizo la damu hushuka, na aweza kuzimia na kufa. Watu husema "ni malaria" au "amerogwa", kumbe ameishiwa vidonge.

Hatari hii ni kubwa zaidi kwa wakazi wa visiwani. Mtu wa Maparoni hutegemea mashua au boti, maji kujaa na kupwa, na hali ya bahari. Mafuriko ya Rufiji na Kibiti ya Aprili 2024, na Kimbunga Hidaya kilichofuata mwezi Mei mwaka huo huo, vilitukumbusha kwamba njia yaweza kufungwa kwa muda bila kutegemea. Kwa hiyo:

- Hesabu vidonge vyako kila Jumapili. Vikibaki vya wiki 2, anza kupanga safari. Usingoje kidonge cha mwisho.
- Kabla ya masika, mwombe daktari dawa za muda mrefu kidogo na umweleze unakokaa.
- Weka dawa katika chupa yenye kifuniko, mahali pakavu na mbali na watoto. Hewa ya chumvi huziharibu.
- Andika kwenye karatasi jina la dawa, kipimo chake na tarehe uliyoanza. Itunze pamoja na cheti cha hospitali. Kila mhudumu atakayekutibu aione, hasa ukiwa na homa kali, ajali, uchungu wa kuzaa au upasuaji, kwa maana wakati huo mwili huhitaji dawa zaidi.
- Ukitapika kiasi kwamba vidonge havikai tumboni, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Huenda ukahitaji sindano.

Na wewe uliyesoma orodha ya madhara ukaogopa, tafadhali usitupe vidonge vyako leo. Nenda kwa daktari mpange namna ya kupunguza. Kupunguza hufanywa kwa hatua, pengine kwa wiki au miezi.

Jihadhari na dawa zisizo na jina

Predinisoloni na deksamethazoni ni dawa za kuandikiwa na daktari. Usikubali kuuziwa vidonge vya rangi mbalimbali vilivyofungwa pamoja katika karatasi, wala sindano "ya viungo" ambayo mchomaji hataki kuitaja jina. Hata dawa zinazouzwa kama za miti shamba zahitaji uangalifu. Katika nchi mbalimbali zimegunduliwa dawa za namna hiyo zilizochanganywa kwa siri na deksamethazoni ili mnunuzi apate nafuu ya haraka. Dawa "ya asili" inayomaliza maumivu yote kwa siku 2, kuongeza hamu ya kula na kunenepesha mashavu, itiliwe shaka. Kama umeitumia kwa wiki nyingi, ipeleke hospitali pamoja na chombo chake kabla ya kuiacha. Baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi nazo zina steroidi kali.

Kuishi na baridi yabisi nyumbani

Dawa ni sehemu tu ya matibabu. Yapo mambo ambayo mgonjwa na jamaa zake wanaweza kufanya bila gharama kubwa.

Asubuhi, loweka mikono katika maji ya uvuguvugu na ukunje na kukunjua vidole polepole. Kiungo kinapowaka kwa maumivu kipumzishe, lakini kikitulia kitumie, kwa sababu kiungo kisichotumika hukakamaa. Zungushia kitambaa mpini wa jembe, wa kisu na wa kasia ili uwe mnene, vidole visijibane sana. Inua sufuria kwa mikono miwili. Usichanjwe chale wala kuchomwa moto kwenye kiungo kilichovimba, kwani vidonda hivyo huingiza vijidudu.

Anayetumia predinisoloni apunguze chumvi. Hii ina maana kwamba ng'onda isiwe kitoweo cha kila siku, au iloweke na kumwaga maji kabla ya kupika. Apunguze sukari katika chai. Ale dagaa wazima na mifupa yao, maziwa akipata, mboga za majani na matunda. Atembee kila siku kadiri awezavyo, ili mifupa ipate nguvu. Avae viatu shambani. Akae mbali na mtu mwenye tetekuwanga, na amwambie mhudumu kuhusu dawa yake kabla ya kuchanjwa chanjo yoyote. Tumbaku huongeza ukali wa baridi yabisi, basi aiache.

Anayetumia methotreksati akumbuke neno moja: humezwa mara moja kwa WIKI. Kuimeza kila siku kumeua watu. Chagueni siku moja nyumbani, na mtu mwingine amkumbushe. Asinywe pombe, iwe mnazi au gongo, kwa maana ini litaumia. Nayo haimfai kabisa mama mjamzito wala anayetarajia mimba. Amwone daktari mapema.

Maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Nina mimba na ninatumia predinisoloni. Je, niache? Usiache mwenyewe. Inaweza kutumika wakati wa mimba kama inahitajika, kwa kipimo kidogo kinachotosha. Mwambie mkunga na daktari, upimwe sukari na shinikizo la damu.

Niliombewa na nikaona nafuu. Je, niache dawa? Mshukuru Mungu kwa nafuu hiyo, kisha urudi hospitali upimwe. Kama ugonjwa umetulia, daktari ndiye atakayekupunguzia dawa kwa usalama. Sala na dawa havigombani. Mungu huponya pia kwa mikono ya waganga.

Je, nifunge wakati wa Kwaresima? Kanisa halimlazimishi mgonjwa kufunga chakula. Anayemeza dawa hii anahitaji kula. Atafute sadaka nyingine ambayo haitamdhuru. Jirani zetu Waislamu wenye ugonjwa huu nao wawaone daktari kabla ya Ramadhani.

Parasetamoli inatosha? Kwa viungo vilivyochakaa au maumivu madogo yaweza kusaidia, ukifuata kipimo. Kwa baridi yabisi yenyewe hupunguza maumivu kidogo, lakini haizuii viungo kuharibika.

Neno kwa familia na Jumuiya

Mgonjwa wa baridi yabisi mara nyingi huonekana mzima. Hana jeraha, hana bandeji. Asubuhi hawezi kufunga vifungo vya nguo, jioni anacheka na watu. Kwa hiyo husemwa kwamba ni mvivu au anajifanya. Maneno hayo humsukuma akanunue kwa siri kile kidonge kinachomwezesha kurudi shambani kesho yake. Baba akikubali kuteka maji, watoto wakipokea kinu na mchi, shangazi akipunguziwa zamu ya palizi, haja ya kukimbilia vidonge hupungua.

Jumuiya Ndogo Ndogo nazo zina kazi ya kufanya. Papa Yohane Paulo II aliweka Siku ya Wagonjwa Duniani mwaka 1992, na tunaiadhimisha kila tarehe 11 Februari. Tusingoje siku hiyo tu. Jumuiya yaweza kuchangia nauli ya boti ya mgonjwa mmoja, kumsindikiza hospitali mtu asiyejua kusoma, na kumkumbusha kuhesabu vidonge vyake. Mgonjwa aliye katika hatari aitiwe padre kwa Mpako Mtakatifu mapema, naye apelekwe hospitali mapema vile vile.

Mwenye maumivu na asikate tamaa. Ugonjwa huu kwa kawaida haumalizwi kabisa, lakini unaweza kutulizwa, na wengi wanaotibiwa mapema huendelea na kazi zao. Ajue jina la ugonjwa wake, ajue kipimo cha dawa yake, na ajue siku ya kurudi kupimwa. Mwenyezi Mungu awajalie wagonjwa wetu uvumilivu, na sisi sote moyo wa kuwahudumia.